Baiskeli ya Mlimani Ikifa Shokapu: Nunua kwa Kipimo, Si kwa Mng'aro

Miongoni mwa vyombo vinavyofika katika nchi zetu za Maziwa Makuu vikiwa vimekwisha kutumika kwingine, baiskeli ya mlimani ina bahati mbaya ya pekee. Fremu yake huja nzima, rimu zake nzima, na gia zake hukubali kutengenezwa. Lakini foku yake ya mbele, yaani ule uma wa miguu miwili unaolishika gurudumu na kuligeuza kila usukani ugeukapo, mara nyingi huwa imekufa zamani. Ni foku ya shokapu. Ilipokuwa mpya ilizama na kuinuka kila gurudumu lilipokanyaga jiwe. Sasa ama imeganda kama rungu, ama imelegea hata gurudumu latikisika mbele na nyuma kama jino bovu. Mnunuzi hayatambui hayo mpaka siku ya kwanza ya kuteremka mlima.

Na milima tunayo. Atokaye Bugarama kuelekea Bujumbura huanza safari akiwa juu ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huimaliza kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo kimo chake ni meta 770 hivi. Barabara hiyo imeteremkwa miaka mingi na watu wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi na magunia ya makaa nyuma yao. Katika mteremko wa namna hiyo mnyororo ukikatika, mpanda baiskeli bado ana breki. Breki moja ikishindwa, huenda ya pili ikamwokoa. Foku ikikatika hana kitu. Gurudumu la mbele huenda zake, na mtu huanguka kwa uso. Ndiyo sababu kuchagua foku ya kuweka badala ya iliyokufa si jambo la mapambo, wala halifai kuachiwa muuzaji peke yake.

Maoni ya makala haya ni mepesi kuyasema, ingawa ni magumu kuyatii mtu anapokuwa amesimama mbele ya foku nyekundu inayong'aa: fremu ndiyo inayochagua kipimo cha foku, na kazi ndiyo inayoamua kama foku hiyo iwe na shokapu au isiwe nayo. Rangi, maandishi na unene wa miguu havina sauti katika shauri hilo.

Asili ya shokapu hizi ni pikipiki. Katika mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yake iitwayo R12, iliyokuwa na foku ya nguzo zinazoingia na kutoka ndani ya ala zake, huku mafuta yakiutuliza mwendo. Umbo hilo ndilo tunaloliona mpaka leo chini ya usukani wa pikipiki nyingi za abiria. Baiskeli zilingoja sana. Wale vijana wa California waliokuwa wakishindana kuteremka mlima karibu na Mount Tamalpais tangu mwaka 1976, ambao ndio mababu wa mchezo huu, walitumia baiskeli nzito za zamani zisizo na shokapu yoyote. Mteremko wao waliuita Repack, neno lenye maana ya kupaka na kujaza upya, kwa kuwa kila waliposhuka grisi ya ndani ya breki ya nyuma ilikuwa imekwisha kuungua, ikawabidi kujaza nyingine.

Foku ya shokapu iliingia kwa nguvu katika baiskeli hizo mwaka 1989, wakati Paul Turner, aliyewahi kuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alipoanza kuuza foku zake za RockShox. Mwaka uliofuata yalifanyika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado, na Greg Herbold akashinda mbio za mteremko akiwa juu ya foku ya namna hiyo. Katika Colorado hiyohiyo Doug Bradbury alikuwa akitengeneza foku za Manitou, ambazo badala ya hewa na mafuta zilikalia vipande vya mpira mgumu. Mchezo wenyewe uliingizwa katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Kufikia hapo hapakuwa na kijana wa Ulaya au Marekani aliyekubali kununua baiskeli ya mlimani isiyo na shokapu mbele, na viwanda vya baiskeli za bei nafuu vikaona njia ya kumridhisha: kutengeneza kitu kinachofanana na shokapu.

Hapo ndipo mkasa wetu ulipoanzia. Ndani ya foku nyingi za bei ya chini mna springi ya chuma, kipande cha mpira na grisi kidogo, basi. Hamna chombo cha kuutuliza mwendo. Springi ikigandamizwa huhifadhi nguvu, na ikiachwa huirudisha nguvu hiyohiyo kwa mpandaji. Kazi ya mafuta yanayopita katika vitundu vyembamba ndani ya foku nzuri ni kuila sehemu ya nguvu hiyo, ili gurudumu lirudi chini kwa adabu. Foku isiyo na mafuta ya kazi hiyo humrusha mpandaji jiwe linapopita, kisha humrusha tena. Tena ni nzito: foku za namna hiyo hukaribia kilo 2 na nusu, na nyingine huzidi, ilhali foku ya chuma isiyo na shokapu huwa na kilo 1 hivi. Mtu anayepanda kilima akiwa na mzigo hulipa tofauti hiyo kwa jasho lake kila siku.

Zile za miaka ya 1990 zilizokalia mipira zina ugonjwa wao. Mpira huo hukauka na kupasuka, na mwisho hugeuka makombo. Ukifungua foku ya umri huo na kukuta unga na utando wa gundi mahali pa springi, usimlaumu mwuzaji. Huo ni uzee tu. Lakini usidanganywe kwamba kipuri chake kitapatikana kesho.

Kabla ya kununua foku mpya yafaa kuhakikisha kwamba ya zamani imekufa kweli, maana mara nyingine kinachotikisika ni shingo ya fremu. Kamata breki ya mbele kwa nguvu, kisha isukume baiskeli mbele na kuirudisha nyuma pale pale ilipo. Weka vidole vya mkono mwingine kwenye kiungo cha chini cha shingo, mahali zilipo gololi. Ukisikia mchezo hapo, dawa ni kukaza au kubadili gololi, na gharama yake ni ndogo. Hamisha vidole hadi mahali nguzo za juu zinapoingia ndani ya ala. Ukisikia mchezo hapo, bushi za ndani zimelika. Na katika foku ya bei nafuu bushi zikilika, foku imekwisha. Tazama nguzo zenyewe. Kutu iliyochimba au mkwaruzo unaoshika ukucha hukata sili kila nguzo inapozama, vumbi likaingia na mafuta yakatoka. Mwisho pangusa bega la foku, yaani pale miguu miwili inapokutana na shina lipandalo shingoni, ukalitazame kwenye mwanga wa jua. Ufa mwembamba kama unywele mahali hapo ni hukumu isiyo na rufaa.

Ikiwa hukumu imetoka, shughuli ya pili ni kupima, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Foku mbili zaweza kufanana kama mapacha na moja isiingie kabisa katika fremu yako.

Anza na shina. Shina ndilo bomba linalopita ndani ya shingo ya fremu na kushikwa na usukani juu. Baiskeli za kazi za mtindo wa zamani wa Kiingereza huwa na shina la inchi 1, yaani milimita 25.4. Baiskeli nyingi za mlimani zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 zina shina la milimita 28.6, sawa na inchi 1 na sehemu moja ya nane. Fundi asiye na kalipa ya kupimia unene asikate tamaa. Azungushe uzi mara moja tu kwenye shina la foku ya zamani, kisha aulaze uzi huo juu ya rula. Ukifika karibu milimita 80, shina ni la inchi 1. Ukifika karibu 90, ni lile nene. Hakuna kipimo cha katikati kitakachokuchanganya. Baiskeli mpya zaidi zina shina linalonenepa kuelekea chini, juu milimita 28.6 na chini 38.1. Foku yenye shina jembamba kotekote huweza kuwekwa katika fremu ya shingo pana kwa kutumia pete maalumu ya kujaza nafasi. Kinyume chake hakiwezekani katika fremu ya kawaida ya shingo nyembamba: shina lililonenepa chini halitaingia, na fundi anayetaka kuikwangua shingo ili liingie anaharibu baiskeli nzima.

Yuko pia fundi anayechukua foku ya inchi 1 kutoka baiskeli ya kazi na kuizungushia ukanda wa bati ili ijae katika shingo ya baiskeli ya mlimani. Hili lapaswa kukataliwa bila kuoneana haya. Bati halishiki; hujisaga kidogo kidogo, foku ikaanza kucheza ndani ya shingo, na mwenye baiskeli akadhani ni gololi zake zinazolia.

Baada ya unene tazama urefu wa shina na namna linavyofungwa. Mashina ya zamani yana hesi juu, nayo hukazwa kwa nati kubwa. Yaliyofuata hayana hesi. Kishikio cha usukani hulikumbatia shina kwa nje na kukazwa kwa bolti zake. Mitindo hii miwili haichanganywi bila kubadili pia vikombe vya shingo na kishikio cha usukani, na gharama ya vitu hivyo yapasa kuhesabiwa kabla ya kufurahia bei ya foku. Na kwa kuwa kila mwenye kufunga foku hulikata shina kulingana na fremu yake, foku nyingi zilizotumika huwa na mashina mafupi. Shina likikatwa halirefuki. Pima shingo ya fremu, ongeza unene wa vikombe vya juu na chini, ongeza kimo cha kishikio cha usukani: jumla hiyo ndiyo urefu unaohitaji. Kuunga kipande kingine juu ya shina kwa kuchomelea ni kumwandalia mtu ajali na kumficha siku yake.

Kipimo cha gurudumu ni rahisi, mradi usome namba sahihi ubavuni mwa tairi. Maneno ya inchi hudanganya, kwa kuwa watengenezaji waliyatumia kila mmoja apendavyo. Soma ile namba ya tarakimu tatu inayofuata kistari: 559 ni gurudumu tunaloliita la inchi 26, ambalo ndilo lililojaa katika baiskeli hizi za mitumba, 584 ni la inchi 27 na nusu, 622 ni la inchi 29. Baiskeli kubwa ya kazi ya inchi 28 kwa kawaida ni 635. Kama breki zako hubana rimu, foku lazima iwe ya gurudumu hilohilo, maana vigingi vya breki vimewekwa kwa kimo cha rimu. Na kumbuka kuuliza kama vigingi hivyo vipo. Foku nyingi za siku hizi hazina kabisa. Zina mahali pa kufungia breki ya diski tu, na mwenye breki za rimu akiinunua hujikuta hana breki ya mbele.

Habu nayo, yaani kitovu cha gurudumu, ina madai yake. Foku za zamani zina midomo iliyo wazi chini, inayopokea ekseli ya milimita 9 katika nafasi ya milimita 100. Nyingi za karibuni zina matundu yaliyofungwa yanayopitisha ekseli nene ya milimita 15, na nafasi yake yaweza kuwa 100 au 110. Kununua foku ya namna hii kwa ajili ya gurudumu la zamani ni kununua pia habu mpya, spoku mpya na siku ya fundi.

Nimekiacha nyuma kwa makusudi kipimo ambacho wengi hawakipimi kamwe, na ambacho pengine ndicho kikubwa kuliko vyote: urefu wa foku kutoka katikati ya ekseli hadi chini ya bega, pale zinapokaa gololi za chini. Aliyeichora fremu aliichora kwa foku ya urefu fulani. Foku ya gurudumu la inchi 26 yenye shokapu inayozama milimita 80 huwa na urefu wa milimita 450 hivi. Inayozama 100 hufika 470 hivi. Inayozama 130 hukaribia 500. Kijana akiona 130 na 80 kwa bei moja huchukua 130, kama vile anayenunua kitambaa kwa pima. Lakini kila milimita 20 zinazoongezwa hapo mbele huilaza shingo ya fremu nyuma kwa nyuzi 1 hivi. Foku iliyozidi kwa milimita 50 huifanya baiskeli iinue kichwa kama farasi aliyevutwa hatamu: usukani huwa mzito na wa kuyumba mtu apandapo polepole, na gurudumu la mbele huelea kilimani. Hayo ni ya usumbufu tu. La hatari ni kwamba mguu mrefu ni wenzo mrefu, na kila pigo la shimo hulivuta kwa nguvu zaidi bomba la chini la fremu mahali linapoungana na shingo. Fremu za aluminiamu huanza kupasuka hapo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Foku za chuma za baiskeli za mlimani za kwanza, kabla ya shokapu kuenea, zilikuwa na urefu wa milimita 400 hivi. Ukiiweka mojawapo katika fremu iliyochorwa kwa 450, baiskeli huinama mbele, pedeli hukaribia mawe, na usukani huwa mwepesi mno, wa kugeuka kwa chafya. Kuna foku za chuma zilizotengenezwa makusudi ndefu, za milimita 430 hadi 450, ili zichukue mahali pa shokapu bila kuibadili fremu. Hizo ndizo za kuulizia. Na katika kupima foku yako iliyokufa, angalia isiwe imeganda ikiwa imezama. Ivute kwanza mpaka mwisho wake, kwani ukipima foku iliyochuchumaa utanunua fupi.

Sasa lile shauri la kazi. Mtu anayebeba ndizi, mitungi ya maji, maziwa au abiria ahitaji shokapu mbele? Jibu langu ni la, na sina wasiwasi nalo. Mzigo wake uko nyuma, juu ya karia, wala shokapu ya mbele haiubebi. Anapofunga breki mteremkoni, uzito wote hukimbilia mbele na foku hupiga magoti. Baiskeli huinama katika saa ileile anayohitaji isimame imara. Anapokanyaga pedeli kwa kusimama kilimani, sehemu ya nguvu zake huishia katika kuigandamiza springi. Na foku ikihitaji sili, bushi au mafuta ya pekee, biashara yake husimama. Foku ya chuma haina sili. Ikipinda huonekana, na mara nyingi chuma hupinda kwanza kabla ya kukatika, jambo ambalo aluminiamu haliahidi.

Wanaofikiri kwamba hili ni shauri la watu maskini kujifariji na watazame walivyofanya wenye shokapu wenyewe. Tom Ritchey, mmoja wa wale mafundi wa California waliotengeneza fremu za kwanza za baiskeli za mlimani katika miaka ya 1970, alifika Rwanda mwaka 2005, akaona jinsi kahawa inavyosafirishwa kwenye vilima vile, kisha akachora baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Hakuiwekea shokapu. Mwaka huohuo F. K. Day alianzisha shirika la World Bicycle Relief. Huyu ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SRAM, ambayo tangu mwaka 2002 ndiyo inayomiliki RockShox. Mtu huyo angeweza kuchukua shokapu kiwandani mwake kama mtu achukuavyo maji mtungini mwake. Lakini baiskeli ya shirika lake iitwayo Buffalo, iliyokusudiwa kwa ajili ya barabara za Afrika na ambayo karia yake imetengenezwa kubeba kilo 100, ina foku ya chuma isiyozama hata milimita moja.

Mpandaji wa namna hiyo asiyetaka mikono yake iumie ana shokapu nyingine iliyo nafuu kupita zote: tairi pana. Tairi la inchi 2.2 au zaidi, likijazwa hewa ya kiasi badala ya kujazwa mpaka ligeuke jiwe, hulainisha kokoto na matuta madogo kuliko springi nyingi zilizochakaa. Ahakikishe tu kwamba linapita kati ya miguu ya foku likiwa na nafasi ya kidole kila upande, matope yasije yakakwama.

Wako wenye haki ya shokapu, na si haki kuwanyima. Kijana anayeshindana katika njia za mawe na mizizi hawezi kuwafuata wenzake kwa foku ngumu. Mikono yake itachoka kabla ya miguu. Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyeibeba bendera ya nchi yake katika Olimpiki ya London mwaka 2012 na kushiriki mbio za baiskeli za milimani, alikuwa akishindana na watu wenye vyombo bora kabisa vya wakati ule. Hapo foku ni sehemu ya mchezo. Kadhalika anayeongoza watalii katika njia ya milimani kando ya Ziwa Kivu, siku nzima juu ya mawe, ana sababu njema. Kwa watu hawa swali hubaki moja: springi ya chuma au hewa?

Foku ya hewa ni nyepesi, na hukubali uzito wa mtu yeyote, kwa kuwa kinachobadilishwa ni kiasi cha hewa tu. Apimaye vizuri huongeza au hupunguza mpaka, akiketi juu ya baiskeli bila kurukaruka, foku izame robo ya mwendo wake au pungufu kidogo. Lakini hewa hiyo ni ya mgandamizo mkubwa katika chumba kidogo, na pampu ya kawaida ya tairi haifai. Ukiichomoa, hewa iliyotoka yaweza kuwa nyingi kuliko iliyobaki. Yatakiwa pampu ndogo ya pekee yenye saa ya kipimo. Zatakiwa pia sili safi, na watengenezaji hawafichi jambo hili: RockShox hushauri ala za chini zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Katika vumbi letu la kiangazi sioni sababu ya kuzirefusha saa hizo. Mwenye kuishi mbali na pampu hiyo na sili hizo heri achukue foku ya springi iliyo na chombo cha mafuta cha kutuliza mwendo. Itakuwa nzito zaidi, na springi yake yapaswa ilingane na uzito wake, lakini siku sili ikivuja baiskeli haitalala chini.

Foku ya shokapu iliyotumika yaweza kununuliwa, ikiwa muuzaji atakubali ipimwe mbele yako kwa namna iliyoelezwa juu. Asiyekubali ajulishwe kwaheri. Na bei ya foku isizidi thamani ya baiskeli yote. Ikizidi, umenunua foku na kupewa mzigo wa fremu juu yake.

Yamebaki machache ya siku ya kufunga. Foku nyingi za shokapu zina tao linalounganisha ala mbili juu ya tairi, na tao hilo hukaa mbele. Mafundi wengine huifunga foku kinyumenyume kwa kufikiri kwamba tao ni la kushikia madigadi. Mahali pa breki ya diski pawe mkono wa kushoto wa mpandaji. Ukipakuta kulia, foku imegeuzwa. Foku za Manitou zimekuwa na tao upande wa nyuma tangu zamani, kwa hiyo kwazo amini breki, usiamini tao.

Ala za foku nzuri ni za magnesi, madini ambayo moto wa kuchomelea huweza kuyawasha yakawaka kwa mwanga mkali. Hakuna ufa wa ala unaochomelewa, wala tundu linalotobolewa kwa ajili ya kufungia taa au kikapu.

Katika mashina yasiyo na hesi, bolti ya juu kabisa kazi yake ni kuondoa mchezo wa gololi tu. Zinazoushika usukani ni zile za ubavuni mwa kishikio. Kwa hiyo bolti ya juu hukazwa kwanza, na kwa kiasi, mpaka mchezo uishe na usukani bado ugeuke kwa uzito wake wenyewe. Ndipo zile za ubavuni zifuate, moja baada ya nyingine, kidogo kidogo. Ukikosea mpangilio huu, utaendelea kuikaza ya juu huku gololi zikisagika na usukani ukibaki umelegea. Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, katika barabara tambarare. Ukirudi, kamata tena breki ya mbele na uisukume baiskeli kama ulivyofanya mwanzoni, kwa kuwa vikombe vipya hukaa vizuri baada ya mitikisiko ya kwanza na kuacha nafasi ndogo. Kaza tena, kisha ndipo upakie ndizi.